Msaada wa mbinu: kuwasoma viluwiluwi wa samaki wa matumbawe katika Ghuba ya Menai

Mwanafunzi_Unguja

Asalaam aleikum, wakubwa zangu na wenzangu. Ninasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya bahari na ninaandaa pendekezo la utafiti juu ya anuwai ya samaki wa miamba ya matumbawe katika Ghuba ya Menai, kusini mwa Unguja. Ninachotaka kukifuatilia hasa ni ule umri ambao mpiga mbizi hauoni: tangu yai linapopasuka na kiluwiluwi kuchukuliwa na maji nje ya mwamba, hadi usiku ule anaporudi, akatua matumbaweni na kugeuka samaki mchanga mwenye rangi za jamii yake.

Wazo lenyewe lilinijia kwa mambo mawili. Mwaka jana nilikuwa katika timu iliyohesabu samaki kwa kupiga mbizi juu ya mikanda ya mita 50 kwa 5, na kwa wiki tatu orodha yetu ilijaa changu, pono, kangaja, kitatange na mkundaji, ilhali vile visamaki vya urefu wa kidole vinavyojibanza kwenye nyufa tuliviandika tu "wengineo". Baadaye, usiku mmoja wa giza, nilitoka na wavuvi wa dagaa. Chini ya taa, pembeni mwa fungu la dagaa mchele, nilichota kwa bakuli visamaki vitano vilivyokuwa kama vipande vya kioo, vyenye macho ya fedha na utumbo unaoonekana kwa ndani. Kimoja kilikuwa bapa kama sarafu, na miba mirefu imemsimama mgongoni. Hakuna mtu chomboni aliyeweza kuniambia ni mtoto wa samaki gani, na mimi niliyetoka chuoni sikuweza pia.

Msimamizi wangu hakuukataa mpango huu, lakini ameniuliza maswali ambayo bado sina majibu yake. Nitumie chombo gani, wavu wa planktoni (vijidudu vinavyoelea na maji) unaokokotwa na boti au mtego wa taa? Nitoke siku zipi za mwezi, na msimu gani? Sampuli nizihifadhi katika formalini, ile dawa kali ya kuzuia kuoza, kama mwongozo wa zamani wa maabara unavyosema, au katika ethanoli, yaani spiriti? Nitamtambuaje kiluwiluwi wa milimita sita hadi ngazi ya spishi? Na je, iko njia ya kujua kama wanaotua Menai wamezaliwa papa hapa Menai au wameletwa na mkondo kutoka Mafia?

Niongeze dogo la lugha. Nimetumia "kiluwiluwi" kwa sababu "buu" linanipeleka kwenye nyama iliyooza, na "kifaranga" wafugaji wa samaki wamekwisha kulichukua kwa samaki mdogo aliyekamilika viungo. Mwenye neno bora na anipe.

Fundi_Maabara_Mombasa

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nimeshughulika na sampuli za planktoni kwa miaka mingi upande huu wa Kenya, nami nitaanza na swali lako la formalini, kwa kuwa ndilo lililonitia hasara.

Katika miaka yangu ya mwanzo nilihifadhi sampuli za miezi miwili katika formalini ya asilimia 5 iliyochanganywa na maji ya bahari, bila kuitia boraksi, chumvi ya kupunguza asidi. Viluwiluwi walikaa vizuri mno: hawakusinyaa, madoa meusi yalibaki mahali pake, na mimi nikajisifu. Mwaka uliofuata tukataka kuhesabu umri wao kwa vijiwe vya sikio, ambavyo wataalamu huviita otolithi. Nilipasua kichwa cha wa kwanza chini ya hadubini, nikakuta vifuko vya sikio vitupu. Wa pili vilevile. Nilipofika wa ishirini nikaweka sindano chini. Formalini huzidi kuwa na asidi kadiri inavyokaa, na vijiwe vile ni kalsiamu kaboneti, kwa hiyo vilikuwa vimeyeyuka vyote. Vipande vya misuli tulivyovipeleka kwenye uchunguzi wa vinasaba navyo havikutoa kitu. Miezi miwili ya kuamka saa tisa usiku ikaishia kuwa michoro tu.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya sampuli zako itie katika ethanoli ya asilimia 95, na baada ya siku moja imwage ile ya kwanza na utie nyingine, kwa kuwa maji yaliyomo miilini mwa samaki huizimua bila wewe kuona. Fungu dogo liweke katika formalini yenye boraksi, kwa ajili ya kuchora umbo na madoa, maana ethanoli huwakausha na kuwafanya weupe kama nyama iliyochemshwa. Kabla ya yote mawili, mpige picha akiwa hai, ubavu wa kushoto, katika kisahani cha kioo chenye mandhari nyeusi na kipimo cha milimita kando yake, kwa sababu rangi ya njano na nyekundu itatoweka na hutaiona tena. Lebo iandike kwa penseli, iwe ndani ya chupa pamoja na samaki. Wino wa nje hufutwa na ethanoli ile ile inayomwagika kwenye vidole vyako, na chupa isiyo na jina la kituo wala tarehe ni takataka, hata kama ndani yake kuna spishi mpya.

Ama chombo, kila kimoja kina samaki wake, na anuwai utakayoiandika itakuwa kwanza kabisa anuwai ya chombo chako. Wavu wa kukokota wenye matundu ya mikroni 500, uliofungwa kipima mtiririko mdomoni ili ujue umechuja maji kiasi gani, utakupa viluwiluwi wachanga ambao hawajawa na mapezi kamili, lakini wakubwa walio karibu kutua huusikia na kuukwepa. Mtego wa taa unafanya kinyume chake: unawavuta wale waliokaribia kutua, nao unawapata wakiwa hai na wazima, ila ni wale tu wanaoipenda taa. Utapata wengi wa familia za Pomacentridae na Apogonidae, ambazo ni za visamaki vidogo vya mwambani, na pono wachache sana, ingawa pono wamejaa mwambani mchana. Tena mtego wa taa haukupi ujazo wa maji. Utahesabu kwa mtego kwa usiku, basi. Kule Moorea, katika Polinesia ya Ufaransa, watafiti hufunga wavu usiotembea juu ya mgongo wa mwamba, ambako mawimbi huvuka usiku na kumwingiza kila anayerudi, mwenye kupenda taa na asiyeipenda. Ukipata mahali pa namna hiyo katika eneo lako, usipaache.

Mtego wa taa wa kisayansi, alioueleza Peter Doherty wa Australia mwaka 1987, ni wa vyumba vitatu na si wa bei ndogo, lakini kanuni yake ni ile ile ya dema: mlango mpana kwa nje, mwembamba kwa ndani. Sisi tulitengeneza wetu kwa ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, tukaitoboa kando na kuibandika milango ya plastiki angavu yenye vipasuo vyembamba, tukatia taa ya LED na betri ndani ya chombo kisichopitisha maji, na chini tukaweka wavu mwembamba ili maji yachuje wakati wa kuinua. Huning'inizwa kwenye boya, kina cha mita moja hivi. Sharti lake ni kuuinua kabla ya jua kutoka. Sisi safari ya kwanza tuliufikia saa mbili asubuhi, tukamkuta ngisi mdogo na chuchunge mmoja wametulia ndani kama wenye nyumba, na sampuli yangu yote imo matumboni mwao.

Kwa kulinganisha, itafute kazi ya watafiti wa Kenya iliyochapishwa mwaka 2009 juu ya viluwiluwi wanaoingia Hifadhi ya Bahari ya Malindi na jinsi idadi yao inavyobadilika kwa nyakati. Ni miongoni mwa kazi chache za ukanda wetu ambazo unaweza kuziweka kando ya zako.

Nahodha_Mstaafu

Kijana wangu, mimi si mtu wa vijiwe vya sikio, lakini nimevua dagaa kwa karabai kabla ya hizi taa za betri, na bahari unayoitaja ninaijua. Taa hufanya kazi kukiwa na giza. Mbalamwezi ikitoka, samaki hutawanyika, na mtego wako utakuwa unaangaza bure, kwa hiyo zile siku za mwezi mpevu zitumie kulala.

Ila kuna jambo ambalo wenye vitabu hulisahau. Giza kamili ni mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo ni bamvua. Maji hujaa sana na hupwa sana, na mkondo wa kwenye mikono ya bahari baina ya visiwa vidogo vya Menai una nguvu ya kulaza boya ubavu. Ndoo yako itavutwa juu, milango itaangalia mbinguni, na kamba itasagika kwenye mawe. Mimi ningekushauri mwezi ukiwa wa siku tano au sita: unatua kabla ya usiku wa manane, giza la kutosha linabaki, na maji yanaelekea kuwa mafu.

Kwa msimu, Kusi likishakolea, Juni hadi Agosti, upande wa nje si mahali pa kuning'iniza kitu usiku. Anza wakati wa maleleji na uendelee Kaskazi. Na kabla hujashusha chochote, nenda kwa sheha na kwa kamati ya wavuvi uwaeleze, tena uwaonyeshe ndoo yenyewe. Taa isiyo na mtu katikati ya bahari usiku, kuna atakayeiogopa na kuna atakayeichukua.

Mpiga_Mbizi_Mafia

Shikamoo nahodha. Neno lako kuhusu mkondo nimelionja mimi mwenyewe katika Mfereji wa Kinasi. Hata hivyo mwanafunzi asiziache kabisa siku za mwezi mwandamo, kwa sababu spishi nyingi za mwambani hutua kwa wingi katika usiku wa giza wa siku hizo, labda kwa kuwa wanaowala hawawaoni vizuri. Ukizikwepa kwa ajili ya kamba, utakuwa umeukwepa msimu wa mavuno. Tafuteni mahali palipokingwa na kisiwa, muongeze uzito chini ya ndoo, na mtoke usiku mitatu ya mwezi mwandamo na mitatu ya hayo maji mafu, kila mwezi, bila kubadilisha vituo. Hapo tofauti itakayoonekana itakuwa ni jambo la kuandikwa.

Sasa nirudi kwa yule bapa kama sarafu mwenye miba mirefu mgongoni. Kwa maelezo yako, yaelekea sana ni wa familia ya Acanthuridae, yaani mtoto wa kangaja au puju. Usione haya kwa kutomtambua. Wanasayansi wa karne ya 19 walimwona wakamhesabu kuwa samaki wa jenasi yake peke yake, wakamwita *Acronurus*. Kiluwiluwi wa kitatange mwenye kichwa kilichovikwa mabamba ya mfupa wakamwita *Tholichthys*, na yule wa mkunga, mwembamba na bapa kama jani la kioo, wakamwita *Leptocephalus*. Kwa miaka mingi vitabu vilikuwa na samaki hewa, watoto walioandikishwa kama watu wazima wa ukoo mwingine, na mtu anayehesabu anuwai leo kwa kutumia viluwiluwi anaweza kurudia kosa hilo hilo akihesabu hatua mbili za spishi moja kuwa spishi mbili.

Ndiyo maana natofautiana kidogo na fundi anaposema kazi yake iliishia kuwa "michoro tu". Michoro ndiyo itakayokuokoa. Mstari mkubwa unaogawa umri wa viluwiluwi ni kupinda kwa notokodi, yaani uti laini unaotangulia uti wa mgongo: ncha yake inapinda kwenda juu mkiani, na chini yake mifupa ya pezi la mkia inajengeka. Kabla ya hapo, aliye mikononi mwako ana kifuko cha kiini au utumbo, macho, vipande vya misuli na madoa, basi; jamii nyingi za samaki wa mwambani zina vipande 24 au 25 vya misuli, kwa hiyo hesabu hiyo peke yake haikufikishi mbali. Utaangalia utumbo umeishia wapi, kama tumbo limefunikwa na madoa juu au chini, kama kuna miba kwenye shavu la matamvua. Mara nyingi utafika kwenye familia na hapo usimame, na kusimama hapo si aibu. Baada ya notokodi kupinda, miale ya mapezi huanza kuhesabika na mambo hufunguka. Andika "Apogonidae sp. 3" kwa amani kuliko kubandika jina la spishi ulilolipenda kwenye kitabu cha picha.

Vinasaba vitasaidia, lakini navyo vina mitego yake. Njia inayotumika zaidi, iliyopata nguvu tangu mwaka 2003, ni kusoma kipande cha COI, jeni inayotumika kama alama ya kutambulisha spishi, chenye herufi 650 hivi za vinasaba na kukilinganisha na maktaba za mtandaoni. Kama spishi yako ya Bahari ya Hindi ya magharibi haimo maktabani, kompyuta itakupa jina la jirani yake wa Indonesia kwa ujasiri ule ule. Na kama aliyeiweka sampuli mle alikosea jina, utalirithi kosa lake. Dawa yake ni kujenga maktaba yako mwenyewe kabla ya safari ya kwanza ya usiku: nenda dikoni asubuhi, nunua samaki wakubwa wa kila aina unaoweza kuwatambua bila shaka, piga picha, kata kipande cha pezi, hifadhi mwili. Kwa viluwiluwi, chukua jicho la kulia au kipande cha misuli ya mkia upande wa kulia, ili ubavu wa kushoto uliopigwa picha ubaki mzima. Usipeleke wote maabara. Wagawe kwanza kwa sura, kisha peleka watatu au wanne wa kila sura.

Wale "wengineo" wako wa kwenye nyufa nao watakushangaza. Utafiti uliochapishwa katika jarida la *Science* mwaka 2019 ulionyesha kuwa visamaki hivyo vinavyojificha vinatawala kundi la viluwiluwi walio karibu na mwamba, na kwamba karibu asilimia 60 ya uzito wa samaki wanaoliwa mwambani hutokana navyo. Hao hawauzwi dikoni, kwa hiyo itabidi kuwapata kwa kibali maalumu na kwa saburi. Mimi ningewapa sura nzima ya tasnifu.

Mwanafunzi_Unguja

Nawashukuru sana, na shikamoo nahodha. Nimekwisha futa formalini kwenye bajeti, isipokuwa chupa mbili na boraksi yake, na nimeandika ratiba ya usiku mitatu kwa mitatu kama ilivyoshauriwa. Wavu wa kukokota nitautumia mara chache tu, ili niwe na wachanga wa kulinganisha.

Yamebaki mawili. Mwenzangu ananishauri nipunguze gharama kwa kununua viluwiluwi kutoka kwenye vyombo vya dagaa, kwa kuwa wanaingia humo kila usiku wa giza. Na lile swali la Menai na Mafia bado linanisumbua: vijiwe vya sikio vikisalimika safari hii, vitaniambia samaki alizaliwa wapi?

Msomaji_wa_Vijiwe_Dar

Nitaanza na la dagaa kwa kuwa ni jepesi. Waliotoka kwenye wavu wa dagaa wamesagwa na uzito wa wenzao, mapezi yamekatika, na hujui walivuliwa saa ngapi wala wapi, kwa sababu nahodha mwenye akili hasemi fungu lake liko wapi. Wengine watakuwa wamekwisha tiwa kwenye maji ya chumvi yanayochemka. Watumie kujizoeza kutambua familia, lakini usiwaingize kwenye takwimu.

Kijiwe cha sikio kinakupa siku, hakikupi mahali. Samaki ana jozi tatu za vijiwe, nasi kwa viluwiluwi hutumia zaidi jozi mbili kati ya hizo, ziitwazo sagita na lapilasi. Kila siku moja ya maisha huongeza pete moja, na siku anayotua mwambani pete hubadilika ghafla, mara nyingi huwa nyembamba zaidi, kiasi kwamba ukimpata samaki mchanga mwambani unaweza kuhesabu alikaa siku ngapi baharini na siku ngapi nyumbani. Kijiwe cha kiluwiluwi wa siku ishirini ni kidogo kuliko punje ya chumvi. Unakibandika kwenye kioo kwa gundi inayolainika kwa joto, unakisugua kwa msasa mwembamba sana huku ukikiangalia kila baada ya misuguo michache, na ukizidisha miwili tu, kiini kimekwenda na siku za mwanzo za maisha yake zimekwenda nacho. Hesabu mara tatu, katika siku tofauti, bila kutazama jibu la mara iliyopita. Nimewahi kupata 31, 34 na 27 kwa kijiwe kimoja, hicho kilitupwa.

Siku hizo hutofautiana mno kwa jamii. Samaki wanaoishi na anemoni, yule mnyama laini wa mwambani mwenye mikono inayowasha, hutaga kwenye jiwe, baba hulinda mayai, na watoto hukaa baharini wiki moja hadi mbili hivi. Kangaja humwaga mayai yanayoelea, na watoto wake hukaa nje mwezi na zaidi. Wapo hata wasioondoka kabisa, kama *Acanthochromis polyacanthus* wa Australia, ambaye watoto wake hulelewa mwambani na wazazi. Kwa hiyo "viluwiluwi wa Menai wanatoka wapi" si swali moja. Ni maswali mengi kama zilivyo familia utakazozikamata.

Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima kwetu huku, ukizidi nguvu wakati wa Kusi. Ukichukua mwendo wa nusu mita kwa sekunde, kitu kinachoelea tu huenda kilomita 43 kwa siku, na kutoka Mafia hadi kusini mwa Unguja ni safari isiyofika wiki. Kwa hesabu hiyo mtu angeapa kwamba wote ni wageni. Lakini kiluwiluwi aliyekomaa si kipande cha ubao. Ilda Stobutzki na David Bellwood, katika majaribio waliyoyachapisha mwaka 1997, waliwaogelesha viluwiluwi waliokaribia kutua dhidi ya maji yaendayo sentimita 13.5 kwa sekunde, bila chakula wala mapumziko, na wale wa jamii ya kangaja walidumu kwa wastani wa saa 194, sawa na umbali wa kilomita 94. Na katika kisiwa cha Lizard, Australia, watafiti walitia alama ya tetrasaiklini, dawa inayoacha rangi kwenye kijiwe, kwenye vijiwe vya viinitete zaidi ya milioni 10 vya *Pomacentrus amboinensis*, kisamaki cha familia ya Pomacentridae, kisha wakakamata samaki wachanga 5,000 waliorudi, wakawakuta 15 wenye alama. Kumi na watano yaonekana si kitu, lakini kwa kuwa walitia alama sehemu ndogo tu ya mayai yote ya kisiwa, walikadiria kwamba asilimia 15 hadi 60 ya waliorudi walikuwa wazaliwa wa papo hapo. Kazi hiyo ilitoka mwaka 1999, na ndiyo iliyowafanya wengi waache kuisoma bahari kama bomba linalotiririka upande mmoja.

Kwa tasnifu ya uzamili, ushauri wangu ni kuliondoa swali la asili kwenye malengo na kuliweka kwenye mjadala. Kulijibu kunahitaji ama kutia alama kama walivyofanya Lizard, ama kupima kemikali za kiini cha kijiwe kwa mashine ya leza, na kemikali hutenganisha vizuri pale tu maji ya sehemu mbili yanapotofautiana. Isotopu za vijiwe, yaani aina za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito, zimetumika Tanzania kuonyesha samaki wanaohama kutoka mikokoni kwenda mwambani, lakini mikoko na mwamba vina chakula na maji tofauti. Miamba miwili inayooshwa na mkondo mmoja ni kesi ngumu zaidi. Lengo lako liwe umri wa kutua kwa familia nne au tano zinazoingia mtegoni kwa wingi. Hilo utalimaliza, na anayekuja na leza baadaye atahitaji hesabu zako.

Kuhusu vibali, anza mapema, na kama kipande chochote cha vinasaba kitasafirishwa nje ya nchi, makubaliano ya usafirishaji wa sampuli yawe yametiwa saini kabla ya safari ya kwanza. Nimeona chupa zikikaa kwenye friji mwaka mzima zikisubiri karatasi moja.

Nahodha_Mstaafu

Marahaba, wanangu. Hilo la kisiwa cha kukinga maji limenikaa. Kijana, mwezi ukiandama njoo Kizimkazi Mkunguni na ndoo yako moja tu, taa yako, na kamba ya milimita kumi, si ile ya kufungia mizigo. Usiku wa kwanza hatutachukua samaki yeyote. Tutakaa chomboni tangu maji yanapoanza kupwa hadi yanapogeuka, tuone ndoo inakaaje na milango inaangalia wapi. Na jiwe la kuizamisha nitalichagua mimi.